Choya kwa Mwenye Presha: Kuichagua, Kuiandaa na Kujua Kama Inakusaidia

Mama mkubwa wangu anaishi Mvumi, huku Dodoma. Mwaka juzi aliacha vidonge vya presha kwa sababu jirani alimwambia choya, kile kinywaji chekundu kichachu, ni dawa tosha. Alikuwa anamaliza jagi zima kwa siku, sukari bila hesabu, na alijisikia mzima kabisa. Huko kujisikia mzima ndiko kunakotuponza, maana presha ya kupanda haipigi hodi. Siku tuliyompeleka zahanati kwa kichwa kilichokuwa kinamgonga tangu alfajiri, namba ya juu ilikuwa imevuka 190. Muuguzi hakugomba. Aliuliza tu, "Mama, vidonge vyako viko wapi?" Mama mkubwa akaonyesha kwa kidole kikapu tulichobeba. Ndani yake kulikuwa na chupa ya choya.

Tangu siku hiyo nimeyafuatilia mambo ya choya kwa bidii ya mtu aliyeungua. Nilitegemea kukuta kwamba ni porojo tupu, ili nimkataze. Sikukuta hivyo. Choya inashusha presha kweli, ila kidogo, na mahali pake ni pembeni ya kidonge. Mwongozo huu ni kwa mtu kama yeye: ana presha au inamnyemelea, choya anaipenda, na anataka kujua aiandae vipi na ataonaje kama inamfanyia kazi.

Kwanza, unakunywa nini hasa

Choya, ambayo wengine huiita rozela, ni ndugu wa bamia na pamba. Ukiliangalia ua lake shambani utaona udugu huo mara moja: petali za rangi hafifu, jicho jekundu lililokolea katikati. Ua hilo halidumu, hunyauka siku ileile. Kinachobaki ni sepali, vile vikombe vinene vyekundu vinavyolifumbata tunda la mbegu, na hivyo ndivyo tunavyovikausha na kuviloweka. Kwa hiyo "chai ya maua ya choya" ni jina tu, maua yenyewe yalishadondoka. Wasudani na Wamisri wanakunywa kitu hichohicho kwa jina la karkadeh, na Wasenegali kwa jina la bissap.

Wekundu wake unatokana na anthosayanini, na anthosayanini ni tawi moja la ukoo mkubwa wa kemikali za mimea zinazoitwa flavonoidi. Ukoo huu uko kila mahali jikoni. Kitunguu kina kwersetini, majani ya chai yana katekini, na ganda la zabibu nyekundu lina anthosayanini zake. Wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi hawahitaji kufundishwa hilo, kwani wanajua rangi ya mvinyo hutoka kwenye ganda na si kwenye nyama ya tunda. Mmea hujitengenezea flavonoidi kwa faida yake wenyewe: kujikinga na jua kali, kupambana na wadudu na magonjwa, kuvuta nyuki. Sisi tunadandia tu.

Zikiingia mwilini, sehemu kubwa haifyonzwi. Hupita, nyingine huvunjwavunjwa na bakteria wa utumbo mpana. Kile kidogo kinachoingia kwenye damu kinaonekana kuusaidia utando wa ndani ya mishipa kutoa nitriki oksaidi, gesi inayoifanya mishipa ilegee na kupanuka. Choya ina njia nyingine mbili. Inapunguza kasi ya kimeng'enya kinachosababisha mishipa kubana, kilekile kinachozuiwa na dawa ya captopril, na pia inakojosha. Kwa kuwa kemikali hizi hazikai mwilini muda mrefu, jagi moja la Jumapili halina maana. Anayetaka matokeo atakunywa kidogo kidogo kila siku.

Na matokeo yenyewe ni yapi? Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Boston, Marekani, walichapisha jaribio la watu 65 wa umri wa miaka 30 hadi 70. Presha zao zilikuwa zimepanda kiasi, na hawakuwa wanatumia dawa za presha. Nusu walipewa vikombe vitatu vya choya kwa siku, nusu kinywaji cha kuigiza chenye rangi na ladha ileile. Baada ya wiki sita, namba ya juu ya wanywaji wa choya ilikuwa imeshuka kwa wastani wa 7.2, na ya wale wengine 1.3. Waliokuwa na presha ya juu zaidi mwanzoni ndio walioshuka zaidi. Mwaka 2015 watafiti wengine waliunganisha majaribio matano yenye jumla ya watu 390, wakapata mteremko wa takriban 7.5 kwa namba ya juu na 3.5 kwa namba ya chini.

Mteremko wa saba si haba. Lakini mtu mwenye 190 akishuka saba anabaki na 183, na kwenye 183 kiharusi bado kinamtazama usoni. Hesabu hiyo ndiyo niliyomfanyia mama mkubwa kwa punje za mahindi juu ya ungo, na ndiyo iliyomrudisha kwenye vidonge.

Hatua ya 1: Jua namba zako kabla ya kikombe cha kwanza

Watu wengi huruka hatua hii, halafu wanakuja kusema "choya imenisaidia sana" bila kujua walianzia wapi. Tafuta mashine ya presha yenye kitambaa cha kufunga juu ya kiwiko. Zile za kufunga kwenye kifundo cha mkono hudanganya kirahisi. Kama huna ya kwako, mwenye duka la dawa au mhudumu wa zahanati atakupimia, ila iwe mashine ileile kila mara.

Usipime umetoka kupanda daladala au kubishana na fundi. Nusu saa kabla, usinywe chai wala kahawa, usivute sigara, usifanye kazi ngumu. Kojoa kwanza. Keti kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili chini bila kuipishanisha, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Tulia dakika tano bila kuongea. Kimya hicho ndicho kigumu kuliko yote kwa mama zetu, maana mgeni akipita lazima asalimiwe, na ukishajibu "mbukwenyi" mpaka mwisho wa salamu ile ndefu ya Kigogo, anza upya kutulia. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati.

Fanya hivyo asubuhi kabla ya kidonge na jioni, siku saba mfululizo. Namba za siku ya kwanza zitupe, kwa kuwa mtu huwa na wasiwasi na mashine. Za siku sita zilizobaki zijumlishe utafute wastani, uandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi unahesabiwa kuwa presha ya kupanda. Kituoni kipimo kinachotumika ni 140/90.

Ukikuta 180/120 au zaidi, na una maumivu ya kifua, unakosa pumzi, upande mmoja wa mwili umelegea au maneno hayatoki vizuri, acha kusoma. Nenda hospitali sasa hivi.

Hatua ya 2: Hakikisha wewe si miongoni mwa wasiopaswa kunywa

Mjamzito na anayenyonyesha aache, hasa kunywa kwa wingi kila siku. Najua hapa nagusa pabaya, kwa kuwa huku kwetu mjamzito ndiye wa kwanza kuletewa choya, "iongeze damu". Dhana hiyo imezaliwa na rangi. Wekundu wa choya ni anthosayanini na wekundu wa damu ni himoglobini yenye madini ya chuma, vitu viwili visivyojuana. Tena flavonoidi na jamaa zake hung'ang'ania chuma cha kwenye mboga na nafaka kikashindwa kufyonzwa vizuri. Mwenye upungufu wa damu anahitaji kile alichoandikiwa kliniki.

Mwenye presha ya kushuka hana haja nayo. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza, kadhalika anayetumia vidonge vya kukojosha, mfano hydrochlorothiazide, kwani choya nayo inakojosha. Wa kisukari anayetumia dawa naye aseme kliniki. Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia atajua mwenyewe baada ya kikombe cha kwanza, uchachu ule hauna siri.

Kumbuka pia kwamba wale 65 wa Boston hawakuwa kwenye dawa. Wewe uliye kwenye amlodipine au losartan unaongeza kitu kinachosukuma upande uleule. Kizunguzungu unapoinuka kitandani ni ishara ya kupima, kupunguza choya na kwenda kliniki. Kidonge usikiguse bila daktari.

Hatua ya 3: Nunua iliyokauka vizuri

Huku kanda ya kati choya hupandwa mvua zikishika, na kuchumwa mvua zikiwa zimekwisha. Hapo ndipo bei inapokuwa rafiki. Jua letu la kiangazi hukausha kitu chochote kwa muda mfupi, na hapo ndipo uharibifu unapoanzia: jua kali la moja kwa moja hufubaza anthosayanini, na upepo wa Dodoma, wenye kuujua wanaujua, hubeba mchanga mpaka kwenye meno. Choya nzuri hukaushwa kwenye chanja, kivulini penye hewa, imefunikwa kwa chandarua au kitambaa chepesi. Iliyoanikwa kwenye turubai kando ya barabara nyie wenyewe mnajua imepitiwa na nini, kuku wakiwemo.

Sokoni, chukua konzi moja mkononi. Rangi iwe nyekundu iliyokolea inayoelekea zambarau. Ya kahawia imekaa sana au imeungua. Ivunjike ukiikunja, isinyumbulike kama ngozi, maana inayonyumbulika ina maji na itaota ukungu ndani ya gunia. Inuse: harufu ni ya uchachu wa matunda. Ukisikia harufu ya stoo, rudisha. Usinunue iliyosagwa kuwa unga kama humjui muuzaji. Unga hauonyeshi umri wala mchanga, na ni rahisi kuutia rangi.

Ukiwa na shaka ya rangi, kuna jaribio dogo unaloweza kulifanya kwa kitu kilichopo kila jiko la Kigogo: magadi. Loweka kidogo, mimina maji mekundu kwenye bilauri mbili. Kwenye moja tia magadi kidogo sana, kwenye nyingine kamulia limao. Anthosayanini hubadilika rangi kufuatana na uchachu. Penye limao itazidi kuwa nyekundu ang'avu, penye magadi itageuka zambarau, kisha buluu au kijani chafu. Rangi nyingi za dukani hubaki vilevile au hubadilika kidogo tu. Baada ya hapo mwaga, usiinywe yenye magadi. Watoto wa nyumbani kwangu walilipenda jaribio hili mpaka magadi ya mlenda yakaisha.

Nyumbani ihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, mahali pakavu penye giza. Chupa ya kioo dirishani inapendeza, lakini baada ya miezi michache utakuwa unakunywa maji ya pinki.

Hatua ya 4: Pima uzito mara moja, usisumbuke tena

Kwenye jaribio la Boston kila kikombe cha mililita 240 kilitengenezwa kwa gramu 1.25 za choya. Hakuna mtu mwenye mizani ya hivyo jikoni, kwa hiyo mimi nafanya hivi. Mwambie muuza duka akupimie gramu 100. Ukifika nyumbani zimwage kwenye sinia, zigawe mafungu mawili yanayolingana, kila fungu ligawe mara mbili, upate manne. Kila moja kati ya hayo manne ligawe vifungu vitano. Sasa una vifungu 20 vya gramu 5 hivi. Kifungu kimoja kinatosha lita moja ya maji, yaani vikombe vinne: vitatu vyako vya siku na kimoja cha mtu atakayesema "nionjeshe". Angalia kwa jicho kifungu kimoja kinajaza vijiko vingapi vya mezani, andika kwenye kopo, na kuanzia hapo kijiko kinatosha.

Kuna waliotumia kali zaidi. Huko Meksiko, katika jaribio lililochapishwa 2004, wagonjwa walipewa gramu 10 katika nusu lita kila siku kwa wiki nne, wakalinganishwa na wenzao waliokuwa wakimeza captopril ya miligramu 25 mara mbili kwa siku, na tofauti kati ya makundi haikuwa kubwa. Habari hiyo ndiyo inayozungushwa na wauzaji wa tiba mbadala kana kwamba ni hukumu ya mahakama. Wanachokiacha ni kwamba wagonjwa wale walikuwa na presha ya kiasi, muda ulikuwa wiki nne tu, na madaktari walikuwa wakiwapima njia nzima. Sikushauri uanze na ukali huo.

Hatua ya 5: Kuandaa

Suuza kifungu chako haraka kwa maji baridi kwenye chujio. Haraka, usiloweke, kwani ukiloweka hapa rangi inaenda na maji ya kusuuzia. Kama mchanga ulikuwa mwingi utauona chini ya bakuli.

Sasa chombo. Choya ina asidi nyingi, na asidi hula alumini. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na choya ikichemkia humo inachukua madini hayo na ladha ya bati juu yake. Tumia stenlesi, bakuli la kauri, jagi la kioo, au sufuria ya enameli isiyobanduka. Kama una sufuria ya alumini peke yake, chemshia maji matupu humo, kisha umimine juu ya choya iliyoko kwenye chombo kingine.

Ndiyo, mimina juu. Usiichemshe choya yenyewe. Huku kwetu tumezoea kuitokosa nusu saa mpaka jirani ajue tunapika nini, na kila dakika ya ziada motoni inavunja anthosayanini ulizozilipia. Maji yakishachemka, epua, mimina, funika, subiri dakika sita mpaka kumi, chuja. Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Kwa choya hilo halidhuru kitu.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya baridi. Jioni weka choya kwenye jagi, mimina lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, funika, weka kwenye friji au mahali pa baridi. Asubuhi chuja. Inatoka laini, uchachu haukwaruzi koo, na rangi ni ya kung'aa. Uyachemshe maji hayo kabla, kwa sababu hapa hakuna moto wa kuua vijidudu.

Kama maji yako ni ya kisima na ni magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, choya itatoka na wekundu uliofifia kuelekea zambarau. Si mbovu. Ni lile jaribio la magadi linajirudia lenyewe. Tone la limao huirudisha.

Chupa ya chai ya kutunza joto haifai kwa choya ya kutwa nzima. Saa sita kwenye joto kali huigeuza kuwa ya kahawia. Acha ipoe, iweke kwenye friji, uimalize ndani ya siku mbili au tatu. Machicha yaliyobaki unaweza kuyaloweka mara ya pili kwa ajili ya ladha, lakini usiyahesabu kama kikombe cha presha.

Hatua ya 6: Sukari

Hapa ndipo wengi wanapojibomolea. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana isizidi asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Ukitia vijiko viwili kwenye kila kikombe, vikombe vitatu vimeshamaliza vijiko vyote sita kabla hujagusa chai ya asubuhi, soda wala maandazi. Sukari nyingi huongeza uzito, uzito hupandisha presha. Unapanda ngazi ukishuka.

Juisi ya choya ya mtaani, ile ya kwenye ndoo yenye barafu, ni tamu kwa sababu hiyohiyo. Kunywa ukiwa na kiu na furaha, isihesabiwe kwenye dawa.

Mama mkubwa alishuka taratibu: wiki ya kwanza kijiko kimoja kwa kikombe, ya pili nusu, ya tatu hakuna. Tangawizi iliyopondwa na kijiti cha mdalasini humdanganya ulimi vizuri sana. Msimu wa zabibu, ponda zabibu nyekundu chache na maganda yake, tia kwenye jagi la baridi. Unapata utamu, na anthosayanini nyingine juu. Ubuyu sikushauri hapa, si kwa ubaya wake bali kwa sababu uchachu juu ya uchachu utakurudisha kwenye bakuli la sukari mwenyewe.

Hatua ya 7: Saa ya kunywa

Vikombe vitatu, vipishane. Ninachopendekeza ni asubuhi katikati, alasiri, na jioni mapema. Cha jioni kisichelewe, la sivyo utaamka usiku kwenda chooni, na kwa mzee kuamka gizani ni hatari ya kuanguka. Acha saa moja kati ya choya na mlo kwa sababu ya lile suala la chuma. Vidonge meza kwa maji ya kawaida, kamwe usivimeze kwa choya. Watafiti wa Sudan walishaonyesha kwamba karkadeh hupunguza kiasi cha dawa ya chloroquine kinachofika kwenye damu, na hiyo inatosha kumfanya mtu awe mwangalifu na dawa nyingine pia.

Meno: asidi hulainisha ngozi ya jino. Sukutua kwa maji ukimaliza, na usipige mswaki mpaka nusu saa ipite.

Hatua ya 8: Tazama na sahani

Mtu hawezi kunywa vikombe vitatu vya choya kisha akaongezea chumvi mezani kabla hata ya kuonja. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana, chakula chote kikiwemo. Huku Dodoma tuna chumvi nyingine iliyojificha, nayo ni magadi. Tunayatia kwenye mlenda uvutike na kwenye maharage yaive upesi, na magadi nayo ni sodiamu. Mlenda wenyewe hauna hatia, ni mboga nzuri. Punguza magadi tu, bamia au mlenda wa majani mabichi utavuta bila kuhimizwa sana.

Na kama siku moja choya imekwisha, chai ya rangi bila sukari si mbaya hata kidogo. Utafiti wa Zutphen, Uholanzi, uliochapishwa 1993, uliwafuatilia wazee wa kiume 805, na waliokuwa wakila flavonoidi nyingi zaidi, hasa kwenye chai, vitunguu na tufaha, walikufa kwa uchache zaidi kutokana na magonjwa ya moyo. Mchaichai una harufu ya kupendeza, nami naunywa usiku, ila kwa presha hauna majaribio ya watu ya kulingana na ya choya.

Hatua ya 9: Wiki ya saba

Baada ya wiki sita za kunywa bila kuruka, rudia hatua ya kwanza kama ilivyo: siku saba, asubuhi na jioni, mashine ileile, kiti kilekile. Tafuta wastani. Linganisha na ukurasa wa kwanza wa daftari.

Ikiwa namba ya juu imeshuka tano, saba, kumi, na hujabadilishiwa dawa katikati, choya inaelekea kukufaa. Endelea. Ikiwa haijasogea, umepata kinywaji kitamu na hujapoteza kitu, lakini acha kukiita dawa. Ikiwa imepanda, usianze kuongeza vikombe, nenda kliniki. Katika hali zote tatu beba daftari, na umwambie daktari mambo matatu bila kuona haya: vikombe vingapi kwa siku, gramu au vijiko vingapi kwa lita, na tangu lini. Ukisema "nakunywa choya kidogo" hajui afanye nini na neno hilo.

Mama mkubwa alipeleka la kwake mwezi wa tisa. Wastani ulikuwa umetoka 146/90 kwenda 139/86, akiwa kwenye vidonge vyote na choya isiyo na sukari. Daktari alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akamwachia dawa zilezile, akamwambia aje baada ya miezi miwili. Njiani kurudi Mvumi alinuna kidogo, alitegemea kupunguziwa kidonge. Tulipofika aliingia jikoni, akatoa jagi, akahesabu vijiko kwa sauti.